Habib Saleh wa Lamu: Mwalimu asiyengoja kupigiwa makofi

KATIKA miji yetu siku hizi ni nadra kuona darasa likianza bila ya kutajwa kwanza vyeo vya mwalimu. Bango hutangulia, picha hufuata, na elimu huja mwisho. Sisi tunaosomesha huku pembezoni, mathalan hapa Ikinga, wilayani Ileje, mkoa wa Songwe, ambako Waislamu ni wachache, mabango hayatuhusu. Nakiri kuwa zipo jioni nimefunga msahafu mbele ya watoto sita, nikajiuliza: hivi nani anajua kuwa nipo hapa?

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye maisha ya Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilayl, ambaye wengi tunamfahamu kwa jina la Habib Saleh.

Alizaliwa Ngazija, katika visiwa vya Komoro, katikati ya karne ya 19, kwenye ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Akiwa kijana alikwenda Lamu, ambako tayari walikuwepo jamaa wa ukoo wake, na huko akasoma na kuweka makazi.

Lamu ya wakati ule ilikuwa mji wa matabaka. Waungwana waliishi kwenye majumba ya mawe, na elimu ya juu ya dini ilikuwa mali ya koo chache. Pembeni yao walikuwepo watumwa, watoto wa watumwa, na Wahadhrami masikini waliokuja kutafuta riziki. Tukumbuke kuwa katika pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907.

Kijana sharifu mwenye nasaba kama yake alikuwa na njia nyepesi mbele yake. Angekaa na wakubwa, akabusiwa mkono, akaalikwa kwenye kila hitima. Habib Saleh hakuifuata njia hiyo. Aliwaendea wale ambao mji haukuwahesabu, akakaa nao na kuwasomesha. Alikuwa pia na ujuzi wa dawa za mitishamba, na wagonjwa walimwendea.

Baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa. Waliona elimu inashushwa hadhi kwa kupewa watu wasiostahiki. Lawama ziliongezeka aliporuhusu matari na dufu katika Maulidi, jambo ambalo hadi leo wanazuoni wanahitilafiana juu yake. Makala haya hayakusudii kuamua hitilafu hiyo. Lililo wazi ni kwamba wale aliokuwa akiwasomesha hawakuwa na cheo cha kumpa wala sauti ya kumtetea mbele ya wakubwa. Hata hivyo aliendelea kusomesha.

Karibu na mwaka 1900 ukajengwa Msikiti wa Riyadha, na pamoja nao darasa. Jina lenyewe linatukumbusha Riyadh ya Seiyun, Hadhramaut, kituo cha Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, ambaye Maulidi yake Habib Saleh ndiye aliyeyatia nguvu Lamu. Wanafunzi wakaanza kuja kutoka sehemu mbalimbali za pwani. Mtu aliyejitenga na majumba ya wakubwa akawa ndiye anayefuatwa.

Alifariki mwaka 1935. Watoto wake, akiwemo Sayyid Ahmad Badawi, waliendeleza kazi, na hadi leo kila Mfunguo Sita watu humiminika Lamu kwa ajili ya Maulidi.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza: mbona basi huyo asiyetafuta jina amepata jina kubwa hivyo? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba jina lilikuja nyuma ya kazi, tena baada ya miaka mingi ya kulaumiwa. Lau kama jina ndilo lililokuwa mshahara wake, angeacha kazi mwaka wa kwanza tu, kwani mwaka huo hakuna aliyekuwa akilipa. Kilichomweka pale ni kuipenda ile kazi yenyewe na kutaraji malipo kwa Allah (s.w.t.). Mwenye viwili hivyo hababaishwi na kupungua kwa wasikilizaji.

Lakini tusije tukaigeuza ikhlasi kuwa kisingizio. Wapo wenzetu mijini ambao mwalimu wa madrasa akidai nauli humwambia asomeshe kwa ajili ya Allah, ilhali wao hawasomeshi wala hawachangii. Mwalimu kutotafuta sifa ni ibada yake. Sisi kumwacha alale na njaa ni dhulma yetu. Ndugu msomaji, umjuaye mwalimu aliyekufundisha alifu na bee, mtembelee wiki hii, wala usiende na mpiga picha.

Nami nimejifunza kubadili swali langu. Jioni nikifunga msahafu sijiulizi tena nani anajua kuwa nipo Ikinga. Najiuliza kama yule mtoto wa sita, anayekaa karibu na mlango, ameishika ile aya ya jana. Akiwa ameishika, narudi nyumbani na moyo mweupe. Asipoishika, kesho ninayo kazi.

Wabillahi tawfiq.