Hartig, aliyefichua uyoga unaoua miti

Robert Hartig alizaliwa Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1839. Baba na babu yake walikuwa wataalamu wa misitu. Enzi hizo wengi waliamini kuwa uyoga huota tu kwenye mti uliokwisha kuoza. Mwaka 1874 Hartig alionyesha kinyume chake: kuvu huingia kwanza kwenye mti ulio hai, huuozesha kwa ndani, na uyoga hutokeza baadaye. Alifundisha Eberswalde, kisha Munich kuanzia 1878. Alifariki mwaka 1901.

Kwa mkulima, somo hilo ni fedha. Kuvu wa Armillaria aliowachunguza wana jamaa zao wanaoua chai nchini Kenya. Hujificha kwenye visiki na mizizi ya msitu uliofyekwa, kisha huhamia kwenye miche. Anayepanda bila kung'oa visiki anapanda hasara.