Edwin Link: aliyefundisha marubani kuruka wakiwa chini

Wadau mnaopanga skrini tatu mezani mrushe ndege za kwenye kompyuta, mnamjua mwanzilishi? Ni Edwin Link, Mmarekani aliyezaliwa 1904. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda. Jamaa akachukua mivukuto ya kinanda, mwaka 1929 akaunda kindege cha mazoezi. Watu wakakiona mchezo, kikaishia viwanja vya burudani. 1934 jeshi likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wakafa kwa hali mbaya ya hewa. Ndipo likanunua sita. Ndani hakukuwa na skrini: unafunikwa, unasoma geji tu. Alifariki 1981. Kwa hiyo mdau wa Mikese mwenye skrini moja, usione aibu. Anza na geji!