Corrie ten Boom: Mkono Uliogoma Kuinuka

Corrie ten Boom alizaliwa Uholanzi mwaka 1892, akawa fundi saa. Wakati wa vita, yeye na jamaa yake waliwaficha Wayahudi nyumbani mwao Haarlem. Februari 1944 walikamatwa. Baba yake alifariki baada ya siku 10 akiwa mfungwa. Dada yake Betsie akafia katika kambi ya Ravensbrück.

Mwaka 1947 Corrie alihubiri msamaha kanisani mjini Munich, Ujerumani. Akatokea aliyekuwa mlinzi wa kambi ile, akamnyoshea mkono akiomba kusamehewa. Mkono wa Corrie ukagoma kuinuka. Akasali kimoyomoyo, ndipo akaupokea. Alifariki mwaka 1983.

Ndugu wakimbizi, sisi tunaochota maji bomba moja na waliotukosea, tusingoje moyo uwe mwepesi. Tusali, tunyoshe mkono, moyo utafuata.