Joseph Thomson na Makaa ya Sultani

Sisi tuliosoma hapa Sengerema tulifundishwa kwamba Speke aliliona ziwa letu mwaka 1858. Mwaka huohuo, kijijini Penpont huko Uskochi, alizaliwa Joseph Thomson, mtoto wa mwashi. Namweleza kwa kuwa kazi yake ndiyo yangu: elimu ya miamba.

Alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1878 alikuja Afrika akiwa msaidizi wa Keith Johnston. Johnston akafa kwa kuhara damu huko Behobeho mwaka 1879, na kijana huyo wa miaka 21 akaachiwa msafara mzima. Kiongozi wa wapagazi alikuwa Chuma, mmoja wa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Pasipo Chuma, sidhani Thomson angefika Nyasa na Tanganyika na kurudi salama.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimwajiri akatafute makaa ya mawe katika bonde la Ruvuma. Sultani alikuwa na meli za moshi, na matumaini yake yalikuwa makubwa. Thomson alikuta mwamba mweusi usiofaa kwa tanuri. Alirudi akaandika hivyohivyo, bila kuongeza neno la kumpendeza tajiri wake. Sultani hakufurahi hata kidogo.

Baadaye, mwaka 1883, alipita nchi ya Wamasai hadi pwani ya kaskazini mashariki ya ziwa letu, na kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1885. Alifariki London mwaka 1895, akiwa na miaka 37 tu. Swala tomi bado anaitwa kwa jina lake.

Taarifa ile ya Ruvuma hunisuta. Miaka iliyopita wajomba zangu waliniita nitazame shimo lao upande wa Geita. Niliona mawe meupe matupu, dhahabu hakuna. Kwa haya ya kuwavunja moyo wazee, nikawaambia wachimbe kidogo zaidi. Wakauza ng'ombe wawili wengine, na shimo halikutoa kitu.

Wanafunzi wetu, baadhi yenu mtaisomea kazi hii. Siku mtakapoulizwa kilichomo ardhini, semeni kilichomo, hata anayeuliza akiwa mjomba.