Mjane Aliyeisafisha Shampeni

Nenda harusi yoyote ya ukumbini, iwe hapa Kiseke, Buzuruga au Nyegezi, kuna kipengele hakikosekani kwenye ratiba: kufungua shampeni. MC anahesabu, kizibo kinaruka, vigelegele vinapigwa, povu linamwagikia suti ya bwana harusi. Mara nyingi kilichomo kwenye chupa si shampeni hasa. Ni mvinyo wa mapovu wa bei nafuu, au juisi ya zabibu iliyotiwa gesi. Shampeni yenyewe inatoka sehemu moja tu duniani, mkoa wa Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa. Na kama leo inamiminwa ikiwa safi na inang'aa, sehemu kubwa ya shukrani ni ya mwanamke mmoja aliyefiwa na mume akiwa na miaka 27. Aliitwa Barbe-Nicole Ponsardin, ila dunia inamjua kama Mjane Clicquot. Jina la kampuni yake, Veuve Clicquot, lina maana hiyohiyo.

Alizaliwa mjini Reims tarehe 16 Desemba 1777. Baba yake alikuwa tajiri wa biashara ya nguo na mtu wa kusoma upepo. Mapinduzi ya 1789 yaliwaangusha wakubwa wengi, yeye akabaki amesimama, na baadaye akawa meya wa mji chini ya Napoleon. Kwa hiyo tusidanganyane, dada huyu hakuanzia kwenye umaskini. Mwaka 1798 aliolewa na François Clicquot, kijana wa familia nyingine ya wafanyabiashara wa nguo ambao pembeni waliuza mvinyo kidogo. François aliupenda mvinyo kuliko vitambaa, na mkewe akajifunza naye. Mwaka 1799 wakapata mtoto wao pekee, Clémentine. Oktoba 1805 François akaugua homa, akafariki.

Sheria ya Ufaransa ya 1804, ile ya Napoleon, ilimweka mwanamke chini ya mwanamume. Akiwa binti mdogo, yuko chini ya baba. Akiolewa, hawezi kufanya biashara bila ridhaa ya mume. Mjane hakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa: aliweza kumiliki mali, kusaini mikataba, kukopa na kudai. Barbe-Nicole akaliona tundu hilo. Baba mkwe, mzee Philippe Clicquot, alitaka kuifunga biashara ya mvinyo. Yeye akamwendea na kumshawishi amwachie aiendeshe. Mzee akakubali, tena akaweka mtaji, ila kwa sharti kwamba kwanza ashirikiane na mtengeneza mvinyo mzoefu, Alexandre Fourneaux.

Tusimame hapo kidogo, maana kisa hiki kinatuhusu. Kule, pamoja na ubaya wote wa sheria ile, ujane ulifungua mlango. Kwetu, Tangazo la Sheria za Kimila la 1963 halimpi mjane sehemu ya urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Linasema atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, jirani zetu kabisa, walilipinga jambo hili mahakamani hadi kesi yao ikafika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zimevunjwa. Sasa jiulize, kama mzee Philippe angekuja siku ya arobaini kudai funguo za ghala, leo tungekuwa tunamzungumzia nani?

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Vita vya Napoleon vilifunga bandari, wateja wakapotea, mizigo ikaharibika njiani. Ushirika na Fourneaux ukaisha mwaka 1810 bila faida ya kujivunia. Mwingine angekata tamaa. Yeye akaandika jina lake mwenyewe kwenye biashara, ujane ukiwa mwanzoni kabisa mwa jina hilo. Mwaka 1811 nyota yenye mkia ilionekana angani kwa miezi mingi, na mavuno ya zabibu yakawa mazuri ajabu. Mvinyo wa mwaka huo akauhifadhi, akasubiri.

Alisubiri hadi 1814. Napoleon akiwa ameshaanguka, na kabla soko la Urusi halijafunguliwa rasmi, yeye na wakala wake hodari, Louis Bohne, walipakia kimyakimya chupa 10,550 kwenye meli ya Kiholanzi kuelekea Königsberg. Wapinzani wake walipokuja kushtuka, chupa zake zilikuwa zimeshagombaniwa. Ingekamatwa meli ile, au chupa zingepasuka kwa joto, alikuwa anafilisika. Hakuwa na mtaji mwingine wa kurudia.

Lakini ushindi ule ulimletea tatizo jipya: oda nyingi kuliko chupa zilizokuwa tayari. Na kilichochelewesha ni uchafu. Mvinyo ukifungwa kwenye chupa ukiwa na sukari na hamira, hamira inaila sukari na kutoa kilevi pamoja na gesi. Gesi haina pa kutokea, ndiyo hayo mapovu. Kazi ikiisha, hamira inakufa na kubaki humo kama mashapo. Ukimimina, glasi inakuwa na ukungu kama togwa. Ukihamishia chupa nyingine ili kuyaacha, gesi nyingi inaondoka.

Inasimuliwa kwamba alitoa meza ya jikoni kwake, akaitoboa matundu, akazisimamisha chupa humo kichwa chini. Kila siku zinatikiswa na kugeuzwa kidogo, na mashapo yanateremka taratibu hadi shingoni. Baada ya wiki kadhaa kizibo kinafunguliwa, gesi yenyewe inausukuma uchafu nje, chupa inajaziliwa na kufungwa tena. Hiyo ilikuwa karibu mwaka 1816. Fundi wake wa ghalani, Antoine Müller, aliiboresha kwa kutoboa matundu yenye mwinamo. Siri ilitunzwa miaka kadhaa, kisha mkoa mzima ukaiga. Hadi leo kanuni ni hiyohiyo, ingawa sehemu nyingi sasa mashine ndiyo inayogeuza.

Wengi hawajui kwamba mashapo yale si adui tu. Mvinyo ukilala nayo gizani kwa miaka ndipo unapopata utu uzima. Chukua shampeni ya zabibu nyeupe aina ya Chardonnay peke yake, ya mavuno ya mwaka mmoja, ambayo kwa sheria ya leo haiuzwi kabla ya miaka mitatu. Ikiwa changa ina harufu ya limau na tufaa bichi, na ukali unaouma ulimi. Ikizeeka, rangi inasogea kutoka manjano hafifu kwenda dhahabu, mapovu yanakuwa madogo na mapole, na puani inakuja harufu ya mkate uliobanikwa, karanga, asali. Mwonjaji anaanza na macho, anakwenda puani, ndipo anaweka mdomoni na kutafuta kitu kimoja: je, ule ukali wa ujana bado upo chini ya utamu wa uzee? Ukiwepo, mvinyo uko hai. Ukipotea, kilichobaki ni umri tu. Mimi sijaonja, bumu halifiki huko, lakini kipimo hicho nakielewa.

Mjane hakuolewa tena. Clémentine aliolewa katika ukoo wa kikabaila, lakini biashara mama hakumwachia yeye wala mkwe. Alimwachia Édouard Werle, Mjerumani aliyeingia kama mfanyakazi na kufanywa mshirika mwaka 1831. Alifariki Boursault tarehe 29 Julai 1866, akiwa na miaka 88.

Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, bahari ya Baltiki, kama mita 50 chini. Walitoa chupa 168 za shampeni zenye umri wa miaka 170 hivi. Lebo hakuna, zilishaoza. Alama zilizochomwa kwenye vizibo ndizo zilizoonyesha kwamba zaidi ya 40 ni za mjane. Wataalamu wakaonja. Mwanzoni harufu ilikuwa ya jibini na manyoya ya mnyama aliyelowa. Wakaizungusha kwenye glasi ipate hewa, ikabadilika: moshi, viungo, ngozi, kisha matunda na maua. Sukari ilikuwa karibu gramu 150 kwa lita, mara kumi na zaidi ya shampeni nyingi za sasa, kwa sababu ndivyo walaji wa enzi zake walivyotaka. Mapovu yalikuwa yamekaribia kuisha, lakini mvinyo ulikuwa hai. Mwaka 2011 chupa yake moja ilinunuliwa mnadani kwa euro 30,000, zaidi ya shilingi milioni 60 za wakati ule.

Alikuwa amelala kaburini miaka 144, hawezi kueleza wala kujitetea. Sisi wa ualimu tukienda BTP, mkufunzi anakaa nyuma ya darasa, anajaza fomu, anaondoka, nasi tunadhani tumeshapimwa. Wanafunzi wetu watakuwa na miaka 50 siku ambayo kazi yetu itafunguliwa kweli, na jina letu huenda limeshasahaulika. Mjane wa Reims alifanya kazi yake kana kwamba aliijua siku hiyo.