Ngongo Lutete: nani alijibu juu ya damu ya Kasongo?

Kuanzia Kasongo mupaka ngambo ya Lomami jina la Ngongo Lutete bado linatajwa. Wengine wanamuita shujaa, wengine muuaji. Tuangalie maisha yake polepole, juu yanagusa kitu ambacho kinatugawanya mupaka leo.

Alikamatwa akiwa mutoto, akafanywa mutumwa wa Waarabu. Alikomboka kwa uhodari wa vita, akawa mukubwa wa askari wa Tippu Tip. Makao yake yalikuwa Ngandu, kando ya Lomami. Kutoka pale watu wake walishambulia vijiji, wakachukua pembe za tembo na watumwa. Vijiji vingi vilibaki majivu.

Mu 1892 alishindwa na jeshi la Leta ya mufalme Léopold II, lililoongozwa na Francis Dhanis. Mu Septemba ya mwaka ule aligeuka, akajiunga na Leta. Sefu, mutoto wa Tippu Tip aliyetawala Kasongo, alidai Ngongo arudishwe kwake. Dhanis alikataa. Basi vita ikawaka.

Askari wa Leta walikuwa mia chache tu. Wapiganaji wa Ngongo walikuwa maelfu, na bila wao Dhanis hangeweza kitu. Nyangwe ilianguka Machi 1893. Kisha ikasemwa kwamba wenyeji wameasi, wengi wakauawa na muji ukachomwa. Tarehe 22 Aprili ilikuwa zamu ya Kasongo. Muganga Mwingereza wa jeshi lile, Sidney Hinde, aliandika kitabu ambamo anasimulia hata kwamba wasaidizi wale walikula maiti. Wakubwa waliona. Lakini waliwahitaji wale watu, basi waliendelea nao.

Miezi mitano kisha, maofisa wazungu wa Ngandu walimukamata Ngongo. Baraza la kijeshi lilimuhukumu haraka. Shitaka lilikuwa usaliti: kwamba anapanga kugeukia Leta. Usiku alijaribu kujinyonga, wakamuokoa, kisha wakamupiga risasi tarehe 15 Septemba 1893. Hinde, aliyetumwa na Dhanis juu ya kesi ile, alifika siku mbili baadaye. Amekwisha kuzikwa.

Tuangalie vizuri hapo. Ngongo hakuulizwa juu ya vijiji alivyochoma, wala juu ya watu wa Nyangwe. Aliulizwa tu kama ni mwaminifu kwa Leta. Dhanis, aliyemutumia, alipewa cheo cha baron. Léopold hakusimama mbele ya tribinali yoyote. Na wafu wa Nyangwe na Kasongo hawakupata hata mutu mmoja wa kujibu juu yao.

Kifo kile hakikuleta utulivu. Julai 1895 askari wa Luluabourg, wengi wao watu wa zamani wa Ngongo, waliasi na kumuua mukubwa wao. Kisasi juu ya Ngongo kilikuwa moja ya sababu, pamoja na mateso waliyopata kambini. Maasi ya askari yaliendelea miaka mingi, na wanavijiji ndio walilipa tena.

Leo sheria inasema mengine. Kongo ilikubali Mukataba wa Roma mu 2002. Unasema mukubwa wa jeshi anajibu juu ya maovu ya askari wake kama alijua, ao alipaswa kujua, na hakuzuia wala kuazibu. Cheo cha mukubwa wa inchi si kinga. Na askari aliyeua hawezi kujificha hivi hivi nyuma ya amri. Tena kosa ni la mutu, si la kabila.

Ndugu zangu, hili la mwisho ndilo zito kwetu tuliorudi. Tukisema kabila fulani ndilo liliua, mukubwa aliyetoa amri anapumua. Jina lake linapotea ndani ya jina la watu wengi, na jirani asiye na kosa ndiye anabeba. Kwa hiyo, unapotoa ushuhuda, sema kikosi gani, nani alikuwa mukubwa, siku gani, mahali gani, nani alimupa bunduki. Sema ulichoona wewe. Ulichosikia, sema umesikia. Ni kazi ya polepole, na inaogopesha. Lakini bila hiyo tutarudi Ngandu: mutu mumoja atapigwa risasi haraka juu ya kosa lingine, na wafu wetu watabaki bila jibu.