Roosevelt: Rais aliyeinusuru kandanda ya Marekani kabla ya kutua Mombasa

MNAMO Aprili 21, 1909, meli iliyoitwa Admiral ilipita katika mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Mombasa na Likoni, lango la kuelekea Diani na Msambweni, ikatia nanga Kilindini. Ndani yake alikuwamo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameng'atuka urais wa Marekani wiki saba tu zilizotangulia.

Wengi humkumbuka kwa bunduki zake. Msafara wake ulikusanya vielelezo zaidi ya 11,000 vya wanyama na mimea kwa ajili ya makavazi ya Smithsonian jijini Washington. Ni wachache wanaofahamu kwamba kabla ya kuja kuwinda katika nchi yetu, kiongozi huyo alikuwa amekwisha kuacha alama nyingine, katika sheria za mchezo ambao Waafrika Mashariki wengi huutazama bila kuuelewa.

Kila Februari, anayekesha Diani kutazama fainali ya Super Bowl huanza kuiona mwendo wa saa nane na nusu usiku. Mbele yake hujitokeza mapande ya watu waliovaa kofia ngumu, husukumana kwa sekunde chache, kipenga hulia, kibendera cha manjano hurushwa, kisha wote husimama. Kwa kijana wa Ukunda aliyezoea kuitazama klabu ya South Coast Pirates, mchezo huo ni kama raga iliyopotea njia.

Kijana huyo hajakosea sana, kwani michezo hiyo miwili ni ndugu. Kisa cha kutengana kwao kinapita katika maisha ya Roosevelt.

Alizaliwa jijini New York Oktoba 27, 1858, katika familia iliyojiweza. Utotoni alisumbuliwa mno na pumu, na macho yake yalikuwa dhaifu. Babake alimhimiza kuujenga mwili wake, naye akajitosa katika mazoezi na ndondi. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1876, hakuwa na umbo wala macho ya kuchezea timu ya kandanda, lakini aliupenda mchezo huo kwa dhati.

Novemba mwaka huo alikuwa miongoni mwa watazamaji Harvard ilipokabiliana na Yale. Uwanjani, upande wa Yale, alikuwamo kijana aliyeitwa Walter Camp. Njia zao zingekutana tena baada ya miaka 29.

Camp ndiye aliyeitoa kandanda ya Marekani tumboni mwa raga. Mwaka wa 1880 aliishawishi kamati ya sheria iondoe msongamano wa kugombania mpira na badala yake uwepo mstari, timu moja ikiumiliki mpira upande mmoja na wapinzani wakisubiri upande wa pili. Miaka miwili baadaye ikaongezwa kanuni ya majaribio, ambayo Wamarekani huyaita dauni: timu ilitakiwa kusonga yadi tano katika majaribio matatu, la sivyo impe mpinzani mpira.

Kanuni hiyo ilileta nidhamu, lakini ilileta pia maafa. Kwa kuwa yadi tano zilipatikana kwa nguvu tu, wachezaji walishikana na kujipanga mfano wa kabari, wakamsukuma mwenzao mwenye mpira dhidi ya ukuta wa wapinzani. Kurusha mpira mbele hakukuruhusiwa, kama ilivyo katika raga hadi leo. Waamuzi walikuwa wachache, na ngumi zilizofichwa katika lundo la miili hazikuonekana.

Roosevelt naye alikuwa akipanda ngazi. Alifuga ng'ombe katika nyika za Dakota, akapigana vita nchini Cuba mwaka wa 1898, kisha akawa makamu wa rais. Septemba 1901 Rais William McKinley aliuawa kwa risasi, na Roosevelt akaapishwa akiwa na umri wa miaka 42.

Mwaka wa 1905 alizipatanisha Urusi na Japani, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka uliofuata. Mwezi mmoja tu baada ya mkataba huo kutiwa saini, mnamo Oktoba 9, aliwaalika Ikulu wakuu wa kandanda kutoka Harvard, Yale na Princeton, Camp akiwa miongoni mwao. Aliwataka waukomeshe ukatili.

Husimuliwa mara nyingi kwamba Roosevelt alitishia kuupiga marufuku mchezo huo. Ukweli ni kwamba alitaka kuunusuru. Waliotaka ufutwe walikuwa wengine, akiwemo Charles Eliot, mkuu wa Harvard. Mwanawe Roosevelt mwenyewe, Ted, alikuwa akicheza katika timu ya wanafunzi wapya wa Harvard, na msimu huo alivunjwa pua.

Wageni wa Ikulu walitoa ahadi ya kuheshimu sheria. Ahadi hiyo haikutosha. Kufikia mwisho wa msimu, magazeti yalihesabu vijana wapatao 18 waliokufa kutokana na mchezo huo. Chuo cha Columbia kiliuacha, nacho Stanford kikageukia raga.

Hapo ndipo vyuo zaidi ya 60 vilipokutana New York mwezi Desemba na kuunda chama kipya, ambacho leo hujulikana kama NCAA. Sheria za mwaka wa 1906 ziliubadilisha mchezo. Pasi ya mbele iliruhusiwa ili wachezaji watawanyike. Umbali wa kusonga uliongezwa kutoka yadi tano hadi kumi, ili misuli pekee isitoshe. Ukanda mtupu uliwekwa kati ya timu mbili kabla ya mpira kuanzishwa, na anayeuingia mapema huhesabiwa kuwa ameotea.

Hata hivyo, kazi haikuisha. Mwaka wa 1909, Roosevelt akiwa bado mawindoni Afrika Mashariki, vifo viliongezeka tena. Sheria za 1910 zikapiga marufuku kumsukuma au kumvuta mwenye mpira, na mchezo ukagawanywa katika robo nne za dakika 15. Mwaka wa 1912 likaongezwa jaribio la nne, na bao la kuuvusha mpira mstari wa mwisho likapewa pointi sita.

Anayekesha Diani sasa anaweza kuufuata mchezo. Timu ina majaribio manne ya kusonga yadi kumi. Ikifaulu, inaanza kuhesabu upya; ikishindwa, mpira ni wa wapinzani. Kibendera cha manjano ni ishara ya kosa: kuotea hugharimu yadi tano, na mshambulizi anayemshika mlinzi asiyestahili kushikwa huigharimu timu yake yadi kumi. Waamuzi ni saba katika ligi kuu ya NFL, na mwenye kofia nyeupe ndiye mkuu wao.

Roosevelt aliaga dunia usingizini Januari 6, 1919, nyumbani kwake Oyster Bay, akiwa na umri wa miaka 60. Camp alimfuata Machi 1925. Mauti yalimfika hotelini New York, alikokwenda kuhudhuria mkutano wa kamati ya sheria za mchezo aliouasisi.

Rais aliyeweza kuyapatanisha mataifa mawili yaliyopigana hakuweza, kwa ahadi pekee, kuzuia vijana kuuana uwanjani. Ilibidi ahadi igeuke sheria, na sheria ipate wa kuisimamia. Ndiyo sababu kipenga kinapolia, iwe ni Amerika au Ukunda, anayekipuliza hastahili kuzomewa. Kipo kwa sababu kuna vijana waliokufa kabla hakijaanza kusikizwa.